Mafunzo ya Jeshi Siyo Kombora: Zabuni ya Mfumo Ije Hadharani

 

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Dar. Tumekua wote Isevya, maembe ya watu tumeyaiba wote, kwa hiyo sisi hatuna salamu ndefu. Akaniambia, "Kaka, wewe si una watu wako huko Tabora? Nitafutie mtu wa kuniingiza jeshini." Nikacheka, nikadhani kwa umri ule na kitambi kile anataka kwenda kuruka viunzi. Kumbe yeye hataki kujiunga. Anataka kuuza.

Kuna kampuni ya nje, jina tuliache, imempa kipeperushi cha karatasi ya kung'aa chenye picha ya askari mzungu anatabasamu mbele ya kompyuta. Wanachouza ni mfumo wa kusimamia mafunzo. Yaani programu inayosajili wanafunzi, inawagawia masomo, inawapa mitihani, inasahihisha, inatunza alama na kutoa cheti. Mkubwa akitaka kujua ni askari wangapi wamemaliza somo la huduma ya kwanza, anabonyeza kitufe, anaona. Kitu kizuri, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu unaanza ukurasa wa mwisho, kwenye bei. Bei ni kwa kichwa, kwa mwaka. Na binamu yangu kazi yake ni moja tu, kuwa "mwakilishi mzawa". Hajui hata mfumo wenyewe unafunguliwaje. Akaniambia wazi, bila haya, kwamba mambo yakikaa sawa na mimi kuna changu.

Nimekaa na kipeperushi kile siku tatu. Kwa hiyo leo badala ya kumtafutia mtu, nawaandikia nyinyi.

Kabla ya mtu kunirukia: sijasema jeshi letu limenunua chochote. Nasema wauzaji wameshaanza kuzunguka, na penye wauzaji wanaozunguka zabuni haiko mbali. Siku ikifika tutaambiwa lile neno ambalo sote tunalijua: haya ni mambo ya jeshi, hayajadiliwi. Nataka tujadili sasa, mapema, kabla neno hilo halijatamkwa.

Nilijaribu hoja hii kijiweni. Kijana mmoja wa chama dola, tena rafiki yangu, akaruka juu: "Nyie wapinzani sasa mnataka mpaka siri za jeshi!" Mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao pembeni, sajini mstaafu, akauliza bila kuinua macho, "Hiyo kompyuta yenu itamfundisha kuruta kulala chini?" Kijiwe kizima kikaanguka kicheko. Lakini mzee alikuwa ameuliza swali la maana kuliko sisi wote.

Mimi nilienda JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Kambi sitaitaja. Waliopita wanajua. Unaamshwa alfajiri, mchakamchaka, kwata, shamba, kisha unakaa chini na wenzako mamia kumsikiliza afande anayefundisha kwa sauti yake na ubao. Simu huna. Kompyuta hujaiona tangu ulipotoka nyumbani. Sasa niambieni, mfumo unaouzwa kwa kichwa, wa kuingia kwa nywila ya kila mtu, huyo kuruta ataingilia wapi? Na kijana wa mujibu wa sheria anakaa kambini miezi mitatu tu. Leseni inalipiwa miezi 12. Miezi tisa tunamlipia nani? Tunalipia kiti kitupu.

Chukua hesabu ya mfano tu. Tuseme leseni ni dola 20 kwa kichwa kwa mwaka, na vijana wawe 50,000. Hiyo ni dola milioni moja. Mwaka unaofuata wanakuja wengine, unalipa tena. Miaka mitano, dola milioni tano, na mwisho wa miaka hiyo mitano huna kitu mkononi. Hujanunua nyumba, umepanga chumba. Ukiacha kulipa kodi unatolewa nje, na vyombo vyako vinabaki ndani.

Hili la vyombo kubaki ndani nimeliona kwa macho yangu. Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri moja, kitengo cha kompyuta, kulikuwa na mfumo wa kulipia wa kutunza kumbukumbu. Tarehe 30 Juni leseni ikaisha. Tarehe 1 Julai karani akafungua mashine, ikamwambia wasiliana na muuzaji. Kumbukumbu za miaka mitatu ziko mle ndani, zetu, tumeziandika sisi kwa mikono yetu, na hatuzioni. Fedha za kulipia zilikuwa hazijaingia. Karani alienda dukani akanunua kaunta buku. Tuliandika kwa kalamu wiki saba.

Sasa weka jeshi pale badala ya karani.

Sisi wa Tabora jambo hili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Mji wetu umejengwa na msafara. Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe, Ujiji: kila kilichoingia bara na kila kilichotoka kilipita hapa, mabegani mwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mpagazi hakuupokea kijinga. Aliunyanyua kwanza, akaupima, akabishania posho, akajua kirangozi ni nani na njia ni ipi, ndipo akaufunga. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa na akili ya manunuzi kuliko bodi za zabuni nyingi za leo.

Na njiani kulikuwa na hongo. Neno hili kabla halijawa rushwa lilikuwa ushuru wa njia. Ukifika Ugogo unamlipa mtemi nguo na shanga ndipo upite, na ukirudi unalipa tena. Leseni ya kila mwaka ni hongo ya namna ile ile. Tofauti ni kwamba Mgogo alikuwa na haki yake, nchi ni yake na visima ni vyake, katika nchi ambayo maji ni roho. Huyu wa kipeperushi kisima si chake. Masomo tutayaandika sisi, wakufunzi ni wetu, wanafunzi ni wetu. Yeye ana lango tu.

Halafu yuko Mirambo. Kambi ya jeshi hapa mjini inaitwa Milambo, na watoto wanaipita kila siku bila kuwaza. Mtemi yule wa Urambo aliifunga njia ya msafara mwaka 1871, akawatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe na kila aliyewaunga mkono. Rugaruga wake waliogopwa mpaka ziwani. Lakini bunduki zake zilikula baruti, na baruti ilitoka pwani. Kwa hiyo mara kadhaa maadui zake, Sultani wa Zanzibar akiwemo, walijaribu kumpiga bila kumpiga: walizuia baruti isipande. Askari wale wale, ujasiri ule ule, lakini ufunguo uko Zanzibar kwa mtu asiyekutakia mema. Mirambo alifariki 1884 na tatizo hilo hakulimaliza. Ajabu ni kwamba mpaka leo mtu anaweza kuingia kwenye kambi yenye jina lake akiwa na mkataba unaoweka ufunguo mbali zaidi ya Zanzibar.

Turudi kwenye "siri". Hapa ndipo wanapotufungia mlango, na hapa ndipo nataka vijana wenzangu tusimame imara.

Sheria ya ununuzi wa umma haikusema kila kinachonunuliwa na mwanajeshi ni siri. Vitu vya vyombo vya ulinzi viko mafungu mawili, vya orodha ya siri na vya orodha ya wazi. Kombora sitauliza. Rada sitauliza imewekwa wapi. Lakini viatu, mchele, magodoro na programu ya kutunza alama za somo la uraia, hivyo si silaha. Ukificha bei ya programu ya mitihani, adui hajapungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni mlipa kodi.

Na hiyo siri yenyewe ni kwa nani? Hebu tusidanganyane. Mfumo wa aina hii ukikaa kwenye seva za kampuni, huko huko kwao, maana yake majina ya vijana wetu wote, umri wao, shule walizotoka, alama zao, kikosi alichopo nani na amefuzu nini, vyote viko kwenye mashine ya mgeni. Fundi wa kampuni ana nywila ya msimamizi mkuu. Mbunge wa Tabora haruhusiwi kujua bei, lakini fundi yule anajua orodha ya askari. Mnaita hiyo siri? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, tuna tume yake. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Mamlaka yake, eGA. Tuna kituo cha taifa cha kutunza data pale Kijitonyama. Sheria zipo. Zinakosa mtu wa kuzisoma kwa sauti siku ya kusaini.

Historia ya kichaka hiki tunayo. Mwaka 2001 Serikali ilinunua rada ya kijeshi kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza wakati ule, alipinga waziwazi, wa nchi iliyokuwa inauza! Benki ya Dunia nayo ikasema ni ghali. Huku kwetu waliohoji waliambiwa hawaujui usalama wa taifa. Baadaye ikaja kujulikana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipita kwa dalali. Desemba 2010 mahakama ya London iliipiga BAE faini ya pauni nusu milioni kwa kutotunza hesabu sawasawa za malipo yale, na kampuni ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Ndiyo ile tuliyoiita chenji ya rada. Ikanunua vitabu vya shule na madawati.

Kaeni na jambo hilo kidogo. Fedha ya jeshi ilienda kwenye chombo cha bei mbaya, ikazunguka Ulaya karibu miaka kumi, ikarudi ikiwa kitabu cha mtoto wa darasa la tano. Walioifukua hawakuwa Bunge letu wala TAKUKURU yetu. Walikuwa waandishi na wapelelezi wa Uingereza. Kama Waingereza wangekaa kimya, leo hadithi ingekuwa bado ni siri za jeshi. Kama ilivyo Meremeta, ile kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na jeshi, ambayo Serikali ya Awamu ya Nne ililiambia Bunge kwamba ni suala la jeshi na haiwezi kulizungumzia. Mpaka leo.

Na mkiniambia hayo ni ya zamani, nitawakumbusha sakata la Lugumi. Mkataba wa 2011, shilingi bilioni 37, mashine za kuchukua alama za vidole kwenye vituo vya polisi zaidi ya 100. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ikaambiwa karibu fedha yote imelipwa, na vituo vilivyofungiwa mashine zinazofanya kazi ni 14. Kumi na vinne! Huo nao ulikuwa mfumo wa kompyuta kwa chombo cha usalama, na nao ulikuja na maneno makubwa ya kisasa. Yule aliyesaini hakuwa amenyanyua mzigo kwanza kama mpagazi wa Kinyamwezi.

Hata upigaji wa njiani si mgeni katika barabara hii, nisije nikaonekana nawapakazia wa leo peke yao. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa hoi, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa zote na mtu aliyekabidhiwa azitunze. Akaja kusubiri mizigo mingine pale Kwihara, miezi mitano, kwenye tembe ambalo leo tunawapeleka watalii. Mwenye mali alikuwa mbali, msimamizi alikuwa peke yake, stakabadhi haikusomwa na mtu. Ni hayo hayo.

Sasa nijibu hoja ngumu, kwa sababu ipo. Mtu ataniuliza: wewe unataka jeshi libaki na ubao? Hapana. Ningekuwa nataka hivyo nisingeandika. Mafunzo ni uhai. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani pale Semuliki, mashariki ya Kongo, ilivamiwa, na vijana wetu wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Miili ilirudi ikiwa imefunikwa bendera, wengine tulilia mbele ya televisheni. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ulioongozwa na Dmitry Titov, ulitaja mapungufu katika kikosi kile cha Umoja wa Mataifa, mafunzo yakiwa mojawapo. Kwa hiyo yeyote anayechezea fedha ya mafunzo hachezei karatasi. Shilingi iliyoliwa kwenye leseni ya kiti kitupu ni saa za mazoezi ambazo askari hakupata.

Na ona kejeli: masomo ya msingi ya kumwandaa askari kabla ya kwenda kulinda amani, Umoja wa Mataifa wenyewe unayatoa bure mtandaoni. Bure. Kipeperushi cha binamu kina kifurushi cha "masomo ya ulinzi wa amani" chenye bei yake ya pembeni. Nilipomuuliza ni yepi hayo, akaniambia, "Kaka, mimi siyo mwalimu."

Programu yenyewe nayo ipo ya huria. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaichukua bila kulipia leseni, unaiweka kwenye seva yako, unaibadilisha utakavyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia barabara hii kabla yetu. Kilianza na mifumo ya kulipia, WebCT na baadaye Blackboard, kisha kikahamia Moodle. WebCT yenyewe ilinunuliwa na Blackboard mwaka 2006, jina likafa. Fikiria umefunga mkataba na bwana harusi, asubuhi unaambiwa kauzwa. Chuo Kikuu Huria nacho kinatumia Moodle, na wanafunzi wake wamo humu humu Tabora. Taasisi ya Elimu ina mfumo wake ambao walimu wa MEWAKA wanajifunzia. Wataalamu wapo, wanalipwa na Serikali hii hii.

Tena kuna mfano wa Serikali yenyewe, na mimi mpinzani nautaja kwa moyo mweupe, sifa si dhambi. Mfumo wa manunuzi wa kwanza, TANePS, ulijengwa kwa mkataba na kampuni ya nje. Ukasumbua. Mwaka 2023 PPRA ikauacha, ikaleta NeST, uliojengwa na wataalamu wa hapa hapa. Kama tuliweza kujenga mfumo ambamo zabuni za nchi nzima zinapita, tutashindwaje kuweka masomo ya huduma ya kwanza na kusoma ramani?

"Lakini jeshi linahitaji kitu cha kijeshi." Sawa. NATO, umoja wa kijeshi wenye fedha kuliko wote duniani, mafunzo yake ya mtandaoni inayaendesha kwa ILIAS, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cologne kule Ujerumani. Na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilipochoshwa na kila muuzaji kuja na masomo yanayosomeka kwenye mashine yake tu, ilisukuma mpango ulioitwa ADL kuanzia 1997, ukazaa kanuni ya SCORM. Kazi ya SCORM kwa lugha ya kijiweni ni hii: somo uliloliandika kwenye mfumo wa Juma liweze kuhamia kwenye mfumo wa Asha bila kuliandika upya. Yaani Pentagon, na mabilioni yao yote, waliogopa kufungwa na muuzaji mmoja. Sisi tusiogope?

Sisemi programu huria haina gharama. Ina gharama, na wanaosema haina ni waongo kama wale wengine. Seva inanunuliwa, umeme unalipiwa, mafundi wanasomeshwa, na zaidi ya yote masomo yanaandikwa, kwa Kiswahili, na watu wanaojua kazi. Huko ndiko fedha inapaswa kwenda. Kumlipa yule sajini mstaafu wa kwenye bao akae miezi sita na mwandishi na mpiga picha, atoe kichwani miaka thelathini ya kufundisha makuruta. Somo hilo litakuwa letu milele.

Na kambi zenyewe mnazijua zilipo. Msange hapa kwetu. Ukifuata njia ya zamani kuelekea ziwani unakutana na Mtabila kule Kasulu, Bulombora Kigoma, na upande wa Kibondo iko Kanembwa. Mkongo wa Taifa umefika mjini. Kutoka mjini mpaka chini ya mti anapokaa kuruta ni safari nyingine. Mfumo unaotaka intaneti kila dakika utakufa masika ya kwanza. Unachohitaji ni seva ndogo ndani ya kambi, kompyuta 40 kwenye banda, mtandao wa ndani usiotoka nje ya geti, na mara moja kwa wiki alama zinapelekwa makao makuu. Hiyo ni salama zaidi na rahisi zaidi. Kule kule Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwa na madarasa ya vishikwambi ya UNHCR na Vodafone Foundation, ya setilaiti na umeme wa jua. Mkimbizi kafikiwa. Kuruta Mtanzania asiambiwe asubiri.

Mzee wa bao alikuwa sahihi pia. Kulala chini, kulenga shabaha, kubeba mwenzako aliyeumia, hayo hayafundishwi na kioo. Mkataba wowote unaosema mfumo "utapunguza wakufunzi" uchanwe hapo hapo.

Nimalizie na wale wanaosema kijana kuhoji JKT ni utovu wa nidhamu. JKT ilianzishwa Julai 1963. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kwenda kulitumikia, na Mwalimu, kijana wa zamani wa shule ya Tabora, aliwafukuza mamia. Mimi nadhani walikuwa na kiburi kweli. Lakini siku ile ile walipomnyooshea kidole kwenye mishahara ya wakubwa, Mwalimu alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Alikasirika, ila swali alilijibu. Baada ya mafunzo ya mujibu wa sheria kusitishwa 1994 na kurudishwa 2013, maelfu yetu tumepita mle. Tumelima, tumekimbia, tumeimba. Tuna haki ya kuuliza bei kuliko binamu yangu alivyo na haki ya kuipanga.

Kwa upande wetu, vijana wa chama Tabora tumeandika barua kwa wabunge wa mkoa, wa vyama vyote, siyo wetu tu. Tunaomba waulize bungeni, kwenye bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa: kama mfumo wa mafunzo ukinunuliwa, utawekwa kwenye orodha ya wazi au ya siri? Utatangazwa kwenye NeST? Seva itakaa wapi, na nani atashika nywila? Masomo yakiandikwa yatakuwa mali ya nani mkataba ukiisha? Na wauzaji wote, kabla ya kusaini, wapelekwe kambini, siyo hotelini Dodoma, wauwashe mfumo wao mbele ya makuruta halisi siku ambayo mtandao haupo. Nakala ya barua iko ofisi ya wilaya, anayetaka kusaini aje na kitambulisho tu, kadi ya chama si lazima.

Sheria mpya ya ununuzi ya 2023 inawapendelea wazawa, na ni jambo jema. Ndiyo maana mgeni anamtafuta binamu yangu. Kwa hiyo naongeza swali moja ambalo halimo kwenye barua: huyo mzawa anajua kuufungua?

Binamu kanipigia tena jana usiku. Nimemwambia aiombe kampuni iandike kwenye karatasi, kwa saini, kwamba siku tukiacha kulipa tutaondoka na masomo yetu na alama za askari wetu zote, na zitasomeka kwenye mfumo mwingine. Akaniambia atawauliza, atanirudia. Mpaka naandika haya hajanirudia.